Nilipoombwa Kuchora Mikaratusi

Rangi za maji hazikauki Tukuyu. Nimeishi hapa tangu kuzaliwa, katika nyumba ileile ya mtaa wetu wa Bagamoyo, hapahapa mjini, aliyoijenga babu yangu alipopanda huku kutoka pwani kuja kuuza vitambaa, na bado kila masika nashangaa jinsi karatasi inavyoweza kushika unyevu wiki nzima. Unapaka mlima asubuhi. Jioni ukiugusa, mlima unakuja na kidole. Kwa hiyo picha zangu nazianika jikoni, kwenye kamba niliyoifunga juu ya jiko la mkaa, na nusu ya mashamba ya Rungwe niliyowahi kuyachora yananuka vitunguu.

Sikuanza mapema. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na kuchora kwangu kulikuwa kwa chaki tu: ng'ombe, jembe, ramani ya Tanzania ambayo kila mara ziwa lilinitoka kubwa mno. Mwaka niliostaafu ndio mwaka mume wangu alipofariki. Binti yetu, aliyeolewa Dar es Salaam, alinitumia kifurushi kwa basi. Ndani mlikuwa na boksi la rangi, burashi, na karatasi nzito ambazo sikuwahi kuzishika maishani mwangu. Akanipigia simu.

"Mama, usikae tu ndani."

Kweli nilikuwa nakaa tu ndani.

Nikaanza kwenda Masukulu, huko vijijini, kwa sababu ndiko nilikopangiwa kazi mara ya kwanza nikiwa msichana, na njia zake nilikuwa nazijua kwa miguu. Sasa nilikwenda kwa bodaboda, kigoda kimefungwa nyuma, mwavuli mapajani, gambuti miguuni. Nilichokuwa nakitafuta nilikijua: migomba mirefu ambayo chini yake pamefagiliwa kama ukumbi, vijito vilivyofunikwa na mianzi, na zile nyumba za mianzi na udongo ambazo moshi hutokea kwenye nyasi za paa taratibu, kana kwamba nyumba nzima inapumua. Nilidhani nimewahi. Kumbe nilikuwa nimechelewa, na nilichelewa zaidi kila nilipokwenda.

Kichaka cha mianzi karibu na daraja nilikichora nusu, mvua ikanifukuza. Niliporudi kumalizia kijani chake, kilikuwa uzio wa mtu. Kuna jiko la mianzi nililolichora vizuri sana, pengine ndiyo picha yangu bora. Mvua za mwaka huo zikaliangusha, na wenyewe hawakusikitika hata kidogo, walikuwa tayari wamefyatua matofali. Shamba la migomba lililoteremka mpaka mtoni likang'olewa na kupandwa maparachichi. Sikumlaumu mtu. Parachichi linasomesha watoto, mgomba unawalisha tu, na nyumba ya mianzi ikivuja ni wewe unayelala ndani yake, si mchoraji. Haya yote nilikuwa najiambia njiani nikirudi. Lakini mtu huchoka. Unakaa kwenye kigoda saa nyingi ukijifunza kukipenda kitu, kila jani lake, na mara ya pili ukija unakuta mashimo.

Wa kwanza kulisema lile neno alikuwa mwenye mgahawa wa chai hapo mjini. Alilisema kwa utani, mbele ya wateja.

"Mwalimu, karibu chai, ila nakuomba usinichoree mgahawa wangu. Unachokichora wewe hakimalizi mwaka."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini neno la utani likishapata wateja halirudi nyumbani. Miezi michache baadaye, nikiwa Masukulu, mtu mmoja aliniona nafungua boksi, akasimama akafungua kamba ya ng'ombe wake akampeleka upande wa pili wa kilima. Hakunitukana. Alinisalimia kwa heshima kabisa, akaondoka na ng'ombe wake.

Kisha nikaenda kwa yule mama.

Alikuwa mjane mwenye umri mkubwa kuliko wangu, mwembamba, mgongo wake umeanza kupinda, na nyumba yake ilikaa juu ya chemchemi ambako kitongoji kizima kilikuwa kikichota maji. Nilikuwa nimeweka kigoda ng'ambo ya njia, nikitazama nyumba yake ya udongo na migomba iliyoizunguka. Akatoka, akaja akiwa amejifunga khanga kifuani juu ya sweta.

"Mwalimu, mugonile."

Nikamwitikia kwa Kinyakyusa changu cha mjini, ambacho huwachekesha. Yeye hakucheka.

"Nakuomba usikae hapa," akasema. "Nyumba yangu tayari ina nyufa."

"Mama, mimi nachora tu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekuomba usiwashe moto karibu na nyasi. Nikafunga boksi. Mvua ikaanza, bodaboda hapakuwa na hata mmoja, na nikatembea mpaka barabara kubwa nikiwa na kigoda kichwani. Magoti yangu yalivimba. Nilipokwenda hospitali pale Makandana, daktari kijana aliyabonyeza, akaniambia nipunguze kutembea na kupanda vilima. Nikamwuliza anajua Rungwe kuna sehemu gani isiyo na kilima. Akatabasamu, akaandika dawa.

Nililiweka boksi la rangi juu ya kabati. Sikulichukia, nilikosa tu nguvu ya kulishusha. Kiangazi chote nilipika, niliswali, nilipokea simu za binti yangu na kumwambia ndiyo, nachora, nachora. Mlima ulikuwa unaonekana wazi asubuhi kutoka uani kwetu, na nilikuwa nikipita na beseni la nguo bila kuinua uso.

Asubuhi moja nikasikia hodi. Nikafungua, na nani amesimama mlangoni? Yule mama wa chemchemi, na mkungu wa ndizi ameuweka chini miguuni pake, anahema. Nilishtuka. Nikajua nyumba yake imeanguka na amekuja kunisomea mashitaka.

"Karibu mama. Kuna heri?"

"Heri tu. Ndizi zako hizi."

Nikamwingiza ndani, nikampa chai. Akanywa kikombe kizima, akizungusha macho ukutani. Kisha akauliza:

"Zile rangi zako bado zipo?"

"Zipo."

"Nataka ukanichoree kitu."

"Nyumba yako?"

"Nyumba hapana!" Akakiweka kikombe chini kwa nguvu. "Mikalatusi."

Ndivyo alivyoitamka, kwa ile r isiyotaka kutoka. Akanieleza. Juu ya chemchemi kuna shamba la jirani yake, mwanamume mwenye familia, ambaye miaka kadhaa nyuma alipanda mikaratusi kuanzia ukingo wa maji mpaka juu kilimani. Ilipokuwa midogo hakuna aliyejali. Ilipokua, chemchemi ikaanza kukonda. Kiangazi kile ilikuwa imebaki tope, na wanawake wote wa upande ule walikuwa wanateremka mpaka mtoni kuchota, na kupanda na ndoo kichwani. Alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ofisi ya kijiji. Walikuja, wakatazama, wakanywa chai kwa jirani, wakasema watalifanyia kazi.

"Sasa nimefikiri," akasema. "Wewe ukikichora kitu, kinaondoka. Njoo uichore. Yote. Usiache hata mmoja."

Nilicheka mpaka nikalazimika kujifuta machozi, na nilipomaliza kujifuta sikuona tena kama lilikuwa jambo la kuchekesha.

"Mama, picha haikati mti."

"Nani amesema inakata? Wewe chora."

Nilimtazama kujua kama anaamini au anapanga jambo. Sikujua. Mpaka leo sijui.

"Nimechoka, mama," nikamwambia, na ilikuwa kweli kuliko vyote nilivyosema kwa miezi. "Magoti yananisumbua. Na sitaki tena."

"Mimi pia nimechoka," akajibu. "Na nina ndoo."

Nikalishusha boksi.

Tulikwenda wote, yeye na bodaboda wake, mimi na wangu. Nikakaa kwenye ukingo wa chemchemi, ambako udongo ulikuwa na alama za miguu ya watu na mbuzi lakini maji hamna, nikaitazama ile mikaratusi. Sikuwahi kuitazama. Katika picha zangu zote za Masukulu nilikuwa naipita. Palipokuwa na mikaratusi mimi niliweka mbingu au ukungu. Sasa ilinibidi niione. Ilisimama imenyooka kama wanafunzi mstarini, magome yakiwa yamebanduka na kuning'inia vipande, na chini ya gome mti ulikuwa na rangi ya waridi, na kijivu, na kijani kibichi kama cha mwilini mwa mjusi. Nilikasirika kuona kwamba ni mizuri. Nilikuja kuichora kama maadui, na mkono wangu ulikuwa unaifurahia.

Yule mama alisimama nyuma yangu muda wote.

"Ule wa pembeni umeuruka."

"Nitaufikia."

"Ufikie."

Wanawake waliokuwa wanapanda kutoka mtoni walitua ndoo zao wakaja kutazama. Mmoja akaniuliza kama ni kweli. Nikamjibu ni kweli nini? Akatoa simu yake akapiga picha ile karatasi, na mimi nikiwa mbele yake na mdomo wazi. Mvua ilikuja saa tisa kabla sijamaliza. Yule mama akasema nilale kwake, na nikalala, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana wala ya kupanda bodaboda kwenye utelezi. Tulikula ndizi za kupika na maharage. Alikoroma. Mimi pia, nadhani.

Kesho yake nilikuwa nimekaa tena pale pale, natia kivuli kwenye mashina, niliposikia miguu inateremka haraka kutoka juu. Alikuwa mwenye miti. Alikuwa na panga mkononi, la kazi, na simu mkono wa pili. Akanikaribia akiwa amekunja uso kabisa, akasimama, na uso ule ule uliokunjamana ukasema:

"Shikamoo mwalimu."

Hapo ndipo nilipomtambua. Nilimfundisha darasa la kwanza, mwaka wangu wa kwanza kazini.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Akalichomeka panga udongoni. "Mwalimu, kwa nini umenichorea miti yangu?"

"Umejuaje?"

Akanyoosha simu. Ile picha ilikuwa kwenye kundi la kijiji, na chini yake watu wameweka maneno mengi na alama za vicheko. Mmoja alikuwa ameandika: basi, jamaa ajiandae.

"Mimi siamini mambo hayo," akasema. "Mimi ni Mkristo. Lakini mke wangu tangu jana hali chakula. Nakuomba hiyo karatasi."

"Bado mbichi."

"Nipe hivyo hivyo."

Yule mama alikuwa ameshatoka ndani, anakuja taratibu na fimbo yake.

"Ukiichukua karatasi," akamwambia, "ichukue na miti yake."

"Mama, miti ni yangu! Shamba ni la baba yangu!"

"Na maji ni ya nani?"

Wakaanza kuzozana kwa Kinyakyusa, haraka kuliko ninavyoweza kufuata. Nilichokielewa ni kwamba ugomvi huu ulikuwa mrefu kuliko miti yenyewe. Mimi nilikaa na burashi mkononi. Nilijisikia mzito, kama mtu aliyeitwa kuamua kesi akiwa na homa. Mwisho nikasema, kwa sauti ya darasani ambayo sikujua kama bado ninayo:

"Kaeni chini nyote wawili."

Wakakaa. Yeye kwenye nyasi zilizoloa, mama kwenye jiwe.

"Haya, mwanangu, niambie mimi. Kwa nini uliipanda mpaka majini?"

Akaling'oa jani, akalikunja, akalikunjua. Akasema migomba ya pale chini ilipata ugonjwa, majani yakawa njano ikaoza ikiwa imesimama. Akaing'oa yote. Akapanda chai, chai ikamchosha. Mikaratusi haidai kitu, unaipanda na unaiacha, na ndiyo akiba aliyomwekea mwanawe wa kwanza aliyekuwa chuoni.

"Hata mimi nimechoka, mwalimu," akasema. "Mnaniona kama mtu mbaya. Niliipanda siku moja asubuhi kwa sababu mashimo ya chai niliyoing'oa yalikuwa matupu."

Nilimkumbuka vizuri wakati ule: mtoto aliyekuwa analilia kukaa karibu na dirisha. Sikumwambia.

Yule mama alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeteremka.

"Ya huku chini tu," akasema. "Ya juu kilimani sijasema. Ya huku chini, inayokunywa."

Jamaa akaitazama miti yake, akaitazama karatasi yangu. Nilimwona anapima. Wanaonunua mirunda ya kujengea walikuwa wameshapita kijijini kuulizia, akasema kama anazungumza peke yake, na ya chini ndiyo iliyonenepa. Kuliko kungoja mpaka litokee jambo, upepo, au moto, au sijui nini, heri aiuze mwenyewe kwa mkono wake.

"Lakini ya juu uifute," akaniambia.

"Niifute?"

"Ifute kwenye picha. Ibaki ya chini tu. Nikiwa naona."

Nilitaka kumwambia upuuzi huo ukome. Nilitaka kumwambia kwamba mti hauna habari na karatasi, kwamba kichaka cha mianzi kilikatwa na mtu mwenye panga na jiko liliangushwa na mvua, na mimi nilikuwa hapo tu, nimechelewa kama kawaida yangu. Lakini alikuwa amechuchumaa kando yangu akisubiri, na yule mama anasubiri, na wanawake wawili wenye ndoo walikuwa wamesimama njiani wanasubiri. Nikachovya burashi pana kwenye maji safi, nikailowesha ile miti ya juu mmoja baada ya mwingine, nikainyonya rangi yake kwa kitambaa. Mashina yakalegea. Yakawa kijivu, yakawa moshi, yakawa si kitu. Ndiyo raha moja ya rangi ambazo hazikauki.

"Sasa ni nini hapo?" akauliza.

"Ukungu."

Akapumua. Akasimama, akaninyanyulia kigoda bila kuombwa, akanishukuru: ndaga fijo, mwalimu. Picha hakuitaka tena. Alisema mke wake hataiweka ndani.

Aliikata kweli ile ya chini, kabla ya masika. Sikuwepo. Niliambiwa lori lilikwama kwenye matope na watu wote wa kitongoji, pamoja na yule mama na fimbo yake, walitoka kulisukuma. Mikaratusi haifi kirahisi. Visiki vilichipua upya baada ya wiki chache, na jamaa alilazimika kushuka kila mara kuvikwanyua machipukizi. Wakati mwingine hushuka, wakati mwingine husahau, na yule mama huenda kumkumbusha. Maji hayakurudi kama yalivyokuwa. Mwaka wa kwanza palikuwa na tope jingi zaidi tu. Mwaka wa pili pakatoka kijimkondo chembamba kama uzi wa cherehani, kinachokauka kiangazi kikikaza, na wanawake huteremka mtoni kama zamani kwa miezi hiyo.

Upande wangu, nilipata sifa ambayo sikuiomba. Watu wakaanza kunifuata mpaka nyumbani. Mmoja alitaka nichore baa inayopiga muziki karibu na nyumba yake. Mwingine alitaka nichore daraja bovu, ili serikali ilazimike kujenga jipya. Bibi arusi mmoja wa mtaani kwetu alinijia na picha ya mama mkwe wake kwenye simu. Nilimpa chai, nikamwambia rangi zimekwisha. Mwenye mgahawa sasa ananipa chai ya bure, na sipendi, kwa sababu najua anachokilipia.

Kuchora bado nachora, kidogo. Siendi tena kutafuta nyumba za mianzi. Zikiwepo njiani nazichora, na mabati ya jirani nayachora, na nguzo za umeme, na miche ya maparachichi iliyopangwa kwenye mistari. Sijui kama picha zimekuwa bora. Binti yangu akiziona kwenye simu husema zimejaa vitu. Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka jioni, kwa hiyo mistari iliyonyooka hainyooki.

Mwezi uliopita nilipita kwa yule mama bila boksi, kumjulia hali tu, maana nilisikia alikuwa na kikohozi. Nilimkuta chemchemini. Alikuwa ameweka ndoo chini ya kijimkondo kwa kipande cha ganda la mgomba kinachoongoza maji, amekaa kwenye jiwe, anasubiri ijae.

"Inachukua muda gani?" nikauliza.

"Muda wake."

Nikakaa kando yake. Tuliongea kuhusu kikohozi, na wajukuu, na bei ya sukari. Jua lilikuwa limetoka, jambo la nadra mwezi ule, na lilikuwa linatupiga mgongoni. Niliposhtuka, kichwa chake kilikuwa kimeniegemea begani, anakoroma taratibu, na simu yangu ilikuwa inaita. Alikuwa kijana wa bodaboda, anauliza kama aje kunichukua. Nikamwambia kwa sauti ya chini asubiri kidogo.